Nyota Inayofukia Moto Wake

Mnauliza kwa nini nyota iliyo jirani yetu kuliko zote haionekani kwa macho, wakati zile za mbali kabisa zinameta na kujishaua. Swali ni zuri, ila mngeuliza mmoja mmoja. Kaeni chini. Na wewe mwenye hindi la kuchoma, tafuna taratibu, maana habari hii inamhusu mtu aliyechoshwa na usumbufu, na mkinisumbua nitasimama upande wake.

Hapo kale, mbingu zilipokuwa bado kijiji, hizi tunazoziita nyota zilikuwa meko ya watu. Kulikuwa na miteremko huko juu, na migomba, na vijito, na njia nyembamba za miguu zilizotoka nyumba hii kwenda ile. Kila nyumba ilikuwa na jiko lake la mafiga matatu, na kila jiko lilionekana, la tajiri na la maskini. La Nakiete nalo lilionekana. Lilikuwa dogo na jekundu, lakini yeyote aliyesimama njiani aliliona.

Nakiete alikuwa mwanamke mfupi, mwenye maneno machache na hasira za karibu. Alikuwa na kaka wawili, Kigono na Mrindwa, wanaume wa miraba minne waliojenga juu kabisa mteremkoni, ukuta kwa ukuta. Hawa walichoma magogo mazima kwa mpigo, miali ikapanda, na watu wa mabonde ya mbali wakasema, "Oneni kwa kina Kigono kunavyowaka." Ndio wale mnaowaona kusini mpaka leo, wamekaribiana kiasi kwamba macho yanawafanya mtu mmoja. Nakiete yeye alijenga chini, mwisho wa shamba la ukoo, ukingoni mwa njia inayoteremka kuja upande wetu, kwenye ua wa Jua.

Mama yao alipokuwa anakufa aliwagawia watoto wake. Wana wa kiume waliachiwa misitu. Nakiete aliachiwa gogo moja la mti mgumu sana, ule unaoungua polepole, nalo lilikuwa na moto kwenye ncha yake. "Huu ni moto wa mbegu," mama alimwambia. "Nyumba zote zikizimika siku moja, zitawashwa kutoka kwako. Usiuzime, na usiumalize." Kisha akamkumbusha mwiko wa ukoo, kwamba moto haunyimwi. Mtu akiuona moto wako akaja mlangoni kuuomba, humnyimi, na ukimnyima wako wenyewe utakufa. Alipokwisha kusema hayo mama akafumba macho, asieleze binti yake atayatimizaje yote kwa pamoja.

Mwiko huo ulikuwa na upande wa pili. Moto uliombwa tu palipoonekana mwanga au moshi. Kubisha hodi kwenye nyumba yenye giza na kuomba moto kulihesabiwa ni kumsimanga mwenye nyumba, kumkumbusha kwamba hana. Watu wa kule walikuwa na adabu zao, wakipita penye giza walipita kimya.

Sasa, nyumba ya njiani haikosi hodi. Anayetoka shambani atasimama kuomba maji, anayekwenda msibani ataomba apumzishe mzigo, na wote hao wakiona moto watakumbuka kwamba wao hawana. Nakiete aliwavumilia wapita njia, kwa sababu mpita njia hupita. Aliyemshinda ni wifi yake, mke wa Kigono, jina lake Mboni.

Wake wa kule juu walikuwa na usafi wa kupindukia. Kwao jiko lililolala na majivu lilikuwa jiko la mvivu, na mwanamke aliyekutwa na majivu mekoni alisemwa kisimani mpaka akome. Kwa hiyo kila jioni, chakula kikishaiva, Mboni alivuta kuni, akazimwagia maji, akafagia mafiga mpaka yakang'aa, akasimama mlangoni kuyatazama kwa furaha. Moto mkubwa kuliko yote mteremkoni, na kila jioni aliuua kwa mkono wake. Kulipopambazuka hakuwa na cha kuwashia hata jani kavu, akachukua kigae chake cha kubebea makaa na kuteremka kwa Nakiete.

"Hodi, wifi."

"Karibu."

"Za kuamka?"

"Nzuri."

"Nimekuja kukusumbua tena, wifi yangu. Naomba kaa."

Kama angechukua kaa akaenda zake, hadithi hii isingekuwepo. Lakini Mboni alikuwa haombi bila kushauri. Alichuchumaa mekoni, akachagua lililo kubwa, akalirudisha, akachagua jingine. Akapuliza. Akashika kijiti cha kuchochea, kijiti cha mwenyewe, akachokonoa gogo la watu huku akisema, "Wifi, moto wako huu mbona umesinyaa hivi? Uchochee kidogo upate afya." Cheche zikaruka, gogo likalika, na Nakiete akasimama pembeni amekunja mikono, meno yamegusana. Wifi ni wifi. Ukimgombeza leo, kesho ukoo mzima unajua.

Siku moja alijikaza akamwambia. "Wifi, usifagie jiko jioni. Acha kaa moja, lifukie kwa majivu, asubuhi utalikuta."

Mboni alicheka mpaka akashika mbavu. "Majivu yalale jikoni kwangu? Mama mkwe angefufuka!"

"Mama mkwe wako alikuwa mama yangu mimi. Na ndiye aliyenifundisha kufukia."

"Basi wewe ulifundishwa, wifi. Mimi niliolewa," alisema Mboni, akabeba kigae chake na kuondoka akiimba. Asubuhi iliyofuata alikuwa mlangoni palepale, na kigae kilekile, na za kuamka zilezile.

Nakiete akaona amwendee kaka yake. Alipanda mteremko jua la mchana, akamkuta Kigono amekaa mbele ya moto wake mkubwa, akamweleza. Kigono alimsikiliza kwa uso wa mtu anayesikiliza mtoto. "Kaa moja tu, mdogo wangu," alisema. "Watu wa nyumba moja sisi. Utakufa kwa kaa moja?" Mrindwa, aliyekuwa akisikia kutoka upande wa pili wa ukuta, akacheka. Nakiete alirudi nyumbani yamemfika shingoni, akitembea kwa kishindo mpaka kuku wakampisha njia.

Alipofika aliketi akalitazama gogo la mama. Zamani ncha yake ya nyuma ilikuwa ikigusa mlango. Sasa ilikuwa imefika katikati ya chumba. Aliogopa, na hofu ile haikuwa ya utani. Moto wa mbegu ulikuwa unaliwa kaa kwa kaa na watu ambao wangeweza kulala na moto wao wenyewe, ila hawataki kuchafua mafiga. Siku mbingu zote zikizimika, watakuja kwake mbio, na atawaonyesha nini? Shimo la majivu. Naye ndiye atakayelaumiwa, si Mboni na ufagio wake.

Kunyima hakuweza. Lakini akufukuzaye hakwambii toka, na Nakiete akaanza kufikiri njia ya kuwafukuza watu bila kumwambia mtu toka. Akachimba katikati ya mafiga yake shimo refu. Akaliteremsha gogo humo kwa uangalifu, kisha akalifunika kwa majivu yote aliyokuwa ameyatunza tangu mama yake akiwa hai, majivu laini ya miaka na miaka, mpaka mwanga ukazimika chumbani. Ukiweka kiganja juu yake ulihisi joto. Ukitazama hukuona kitu. Kupika alipikia tundu dogo, chungu kikiwa kimelifunika, wala moshi haukutoka. Ukitazama kutoka njiani, nyumba ilikuwa giza tupu.

Kulipopambazuka Mboni akaja na kigae. Nakiete alikuwa nyuma ya mlango, ameziba mdomo kwa kanga. Alisikia hatua zikisimama njiani. Hakuna mwanga, hakuna moshi, na adabu ni adabu. "Jamani, maskini wifi yangu," Mboni alisema peke yake, kisha hatua zikapanda mteremko kurudi zilikotoka.

Tuseme ukweli, Nakiete alifurahi. Alifurahi mpaka akacheka peke yake gizani, akajilaza tena, akalala mpaka jua likawa kali. Hakuna aliyempulizia moto wake, hakuna aliyemshauri. Siku hiyo alipalilia maboga yake mbele ya mlango bila kuinua kichwa hata mara moja kuitikia hodi.

Habari zikaenea kwamba moto wa mbegu umezimika. Kigono aliteremka kuja kumpa pole, akasimama mlangoni akitikisa kichwa. Hakuuliza, maana kuuliza kungekuwa kumsimanga. Alisema tu, "Tulijua. Moto wenyewe ulikuwa wa kuchungulia," kisha akaguna, akaenda zake. Nakiete aliyameza hayo. Hakusema uongo, ila pia hakusema kweli, na akajitia hamnazo kana kwamba hajui tofauti yake ni ndogo kiasi gani.

Lakini kama mnadhani usumbufu uliisha, hamumjui Mboni. Mtu ambaye hawezi kukuomba atakuletea. Mboni alipoona wifi yake hana moto, alihuzunika kwa moyo wake wote, na akaanza kumpikia. Kila siku alimteremshia bakuli la makande, amelifunika kwa jani la mgomba, akaliweka kizingitini. "Nimekuachia hapa, wifi," aliita kwa sauti ya chini ili wapita njia wasisikie. "Usione haya. Kukosa ni kwa wote." Njia ilikuwa ndefu, hivyo makande yalifika yamepoa, na mkono wa Mboni ulikuwa mzito wa chumvi. Kuyatupa ni dhambi. Kuyapasha moto ni kujifichua, maana harufu ya makande yanayochemka haifichiki. Nakiete akawa anakula makande ya baridi yenye chumvi siku nenda siku rudi, amekaa juu ya moto.

Alimkasirikia Mboni kwa ujinga wake. Kisha akamkasirikia zaidi kwa wema wake, kwa sababu mtu anayekukera akiwa mbaya unamchukia ukapumzika, na huyu hakumpa hata nafasi hiyo. Siku nyingine alilishika bakuli akataka kumwita arudi amwambie kila kitu. Halafu alikumbuka kile kijiti kikichokonoa gogo, akafyonya, akaketi kula.

Kipupwe kikaingia. Mwaka ule kilikuja na ukungu mzito na manyunyu yasiyokwisha, kuni zikalowa mpaka ndani. Katika baridi hiyo Mboni alijifungua mtoto wa kike, wakamwita Mkunde. Nakiete alipata habari kwa wapita njia, akasema moyoni kwamba angalau arobaini ile yote wifi yake atakaa ndani, na makande yatapumzika. Yakapumzika siku chache, kisha mtumishi wa nyumba ya Mrindwa akaanza kuyateremsha kwa niaba yake. Chumvi ilikuwa ileile.

Huko juu, tangu moto wa Nakiete ulipofichika, nyumba mbili za kina Kigono zilikuwa zimepatana. Leo nyumba hii ilale na moto, kesho ile, ili asubuhi waazimane. Kila mmoja alivumilia aibu ya majivu kwa zamu na kuioga kesho yake. Mapatano ya watu wanaopenda kufagia ni mapatano hayo. Jioni moja, Kigono na Mrindwa wakiwa wamekwenda mbali kukata magogo, mke wa Mrindwa alidhani ni zamu ya Mboni, na Mboni, aliyekuwa na mtoto mchanga na usingizi kichwani, alidhani ni zamu ya mke wa Mrindwa. Wote wawili wakamwaga maji. Wote wawili wakafagia. Asubuhi yake mteremko mzima haukuwa na kaa moja.

Ukungu ulikuwa umeingia mpaka vyumbani. Mkunde aliacha kunyonya, midomo ikabadilika rangi, na mikono yake ikawa baridi kila ilipoguswa. Mboni alisubiri wanaume warudi, hawakurudi. Hakuna jirani mwingine mwenye moto upande ule isipokuwa Jua, ng'ambo kabisa. Njia ya kwa Jua hupita mlangoni kwa Nakiete, na kutoka hapo kuendelea ni mbali mno, mtu mzima mwenye nguvu zake hufika amechoka. Mzazi ambaye arobaini haijatimia, na kitoto kilichopoa kifuani, hakuna asiyejua angefika na nini. Mboni mwenyewe alijua. Alijifunga kanga mbili, akamfunga mtoto ndani yake, akachukua kigae, akatoka.

Nakiete alizisikia hatua zile akiwa ameketi mekoni. Alizitambua. Hakuna mtu mwingine aliyeburuta mguu wa kushoto namna ile akiteremka. Akakishika kijiti cha kuchochea, akatulia. Hatua zikasimama njiani.

"Ondoka basi," Nakiete alisema moyoni. "Huoni giza? Ondoka."

Mboni aliitazama ile nyumba isiyo na mwanga wala moshi. Hakubisha hodi. Alisogea tu mpaka kizingitini, akasema kwa sauti ya chini, "Wifi, makande sijakuletea leo, unisamehe. Hatuna moto." Kisha akarudi njiani akaanza kuteremka kuelekea kwa Jua.

Nakiete alibaki ameketi. Akifukua, alijua kitakachofuata. Kesho kigae, keshokutwa kigae, gogo litakwisha, na neno la mama litakufa mikononi mwake. Asipofukua, mwiko hautamshitaki, maana hakuna aliyemwomba. Alikuwa na haki. Aliigeuzageuza haki yake hiyo, na hatua zikazidi kwenda, na ukungu ukaanza kuzimeza.

Ndipo mtoto akakohoa. Kikohozi kidogo, kikavu, cha kifua kisicho na nguvu ya kulia.

Nakiete alipandwa na hasira ambazo hajawahi kuzipata. Alimkasirikia Mboni na ufagio wake, akamkasirikia Kigono na kicheko chake, akamkasirikia mama aliyemwachia amri zisizokaa chungu kimoja. Zaidi ya wote alijikasirikia mwenyewe, aliyeketi hapo kama jiwe la nne la meko. Akainuka, akakididimiza kijiti majivuni, akayarusha majivu yote kwa nguvu zake zote.

Moto uliokaa siku nyingi chini ya kifuniko ukipata hewa haujui adabu. Ulinguruma. Miali ikapanda, ikatoboa paa, mteremko mzima ukawa mwekundu na ukungu ukakimbia. Mbele ya mlango maboga yaliungua, majani na mashina yake, na ardhi ile mpaka leo haioteshi kitu. Huko chini njiani Mboni akageuka.

"Rudi!" Nakiete alipiga kelele kutoka mlangoni, masizi usoni, ncha za kanga zinafuka moshi. "Rudi hapa, mwanamke usiye na akili! Unampeleka wapi mtoto na arobaini haijaisha?"

Aliwaingiza ndani. Akamchukua mtoto kwa Mboni bila kuomba, akamlaza mapajani karibu na moto, akapasha mafuta kiganjani, akamsugua mgongo na nyayo, akamsugua tena, huku akinung'unika maneno ambayo sitawarudieni. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe kwenye ukoo ule, Mboni hakushauri chochote. Aliketi akimtazama mtoto tu. Walikaa hivyo mpaka Mkunde alipojinyoosha, rangi ikarudi usoni, akafungua kinywa akalia kwa sauti ya kutaka ziwa. Nakiete akamrudisha kwa mama yake haraka, maana machozi yalikuwa yanamtoka na hakutaka yaonekane.

Mboni alinyonyesha. Kisha akaona lile shimo, na majivu yaliyotapakaa, na gogo lililokuwa likiwaka ndani.

"Moto ulikuwepo," alisema.

"Ulikuwepo."

"Siku zote?"

"Siku zote."

"Na makande yangu ukiyala ya baridi, na moto unao?"

"Yana chumvi nyingi," alisema Nakiete.

Mboni alicheka, kicheko kikageuka kilio katikati, akashindwa kujua afanye kipi. Nakiete hakumbembeleza. Alimvuta mkono akamsimamisha mbele ya shimo. "Tazama," alisema. "Lilikuwa linafika mlangoni. Hiki ndicho kilichobaki cha kuwashia mbingu zote siku zikizimika. Kila ulipokuja na kijiti ukachokonoa, ulikuwa unachokonoa hiki. Na leo peke yake limekwenda pande hili zima." Akamwonyesha. Mboni, ambaye alidhani moto wa mbegu ni wa kuota wenyewe kama magugu, akalitazama.

Kisha akamweka mtoto kitandani, akapiga magoti, akaanza kukusanya majivu kwa viganja vyake. Yeye, aliyefagia mafiga mpaka yakang'aa. Walifukia pamoja, Nakiete akimwonyesha pa kukandamiza na pa kuacha ipite pumzi, na Mboni akikosea, na Nakiete akifyonya na kurekebisha. Alipoondoka alipewa kaa moja kwenye kigae. Hakulichagua. Aliahidi hatamwambia mtu, na jioni hiyo huko juu alilala na majivu mekoni. Kisimani walimsema wakachoka. Kigono aliporudi aliuliza mbona jiko chafu, akajibiwa akamuulize mama yake makaburini.

Na tangu siku hiyo, nyota iliyo jirani yetu kuliko zote haionekani kwa macho. Imefukiwa. Kina Kigono wanawaka kwa fahari pale juu, na magogo yao yatakwisha, ya Jua yatakwisha, na yule mdogo mwekundu atakuwa bado yupo chini ya majivu yake na mbegu ya moto, ananung'unika. Lakini wanaotazama mbingu kwa darubini zao wanasema mara kwa mara huwaka ghafla, mwako mkubwa kuliko ukubwa wake, kisha hufifia upesi kana kwamba mtu amejuta. Wanasema hauna siku maalumu wala saa. Kweli hauna, kwa sababu hauna mpango.

Mkunde alikua. Akawa msichana mtundu, mpita njia wa kila siku, na akagundua jambo ambalo mama yake hakumfundisha. Ukisimama mlangoni kwa shangazi ukakohoa, nyumba nzima inalipuka. Basi hukohoa. Hukohoa kikohozi kidogo kikavu cha uongo, moto unaruka, mteremko unakuwa mwekundu, naye anakimbia akicheka huku shangazi ametoka mlangoni na kijiti mkononi. "Utanimalizia gogo, mtoto wewe! Nitakushika!" Mboni amemkanya, lakini mnajua wenyewe mtoto anavyokanyika.

Nakiete anajua anachezewa. Anakijua kikohozi cha uongo, hata kiziwi angekijua. Ameapa mara nyingi kwamba safari nyingine hanyanyuki, akohoe mpaka koo likauke. Kisha kikohozi kinasikika njiani, na kabla hajamaliza kukasirika mkono wake umekwisha kurusha majivu. Hawezi kufanya vinginevyo. Ile asubuhi ya ukungu, kabla hajainuka, aliziacha hatua za Mboni ziende, akaketi akizisikiliza, na mpaka leo hajui ni kwa nini zilihitajika hatua nyingi kiasi kile ndipo ainuke.